Anwani ya Mama Mdogo Iraida

Mtaa wa Chestnut, namba 61
Tolcott, Connecticut
Jumapili, 11 Oktoba 1998

Bibi mpendwa,

Naomba baraka yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kuku wako na jirani yako Ceferino. Tangu kimbunga cha mwezi uliopita tunapiga simu huko kisiwani kwenu, Adjuntas, na hatusikii kitu ila mlio kama wa nyuki. Mama amesema niandike mimi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na wake una haraka. Sisi hatujambo. Mama bado yuko kwenye kiwanda cha kupakia uyoga. Mama Mdogo Iraida anakusalimu. Anasema mguu wake umepona, ila ataendelea kuchechemea kazini mpaka mwisho wa mwezi.

Habari kubwa ni kwamba Mama ameanza shule. Kila Jumanne jioni, kwa wiki ishirini, wazazi kumi na wanane wanakutana chini ya maktaba ya mji kujifunza kuwa viongozi na kuwasemea watoto. Wanafundishwa sheria inatungwaje, nani anaamua mambo ya shule, na namna ya kusimama mbele ya wakubwa bila kutetemeka. Mwalimu wao ni Bi. Lindqvist, mama mrefu mwenye nywele nyeupe. Ameweka kengele mezani. Mzazi akisema "mimi ni mama tu" au "mimi ni baba tu," anagongewa kengele. Wiki ya kwanza Mama aligongewa mara nne.

Wazazi wakiwa darasani, watoto wao wanatunzwa chumba cha pili. Mama hapendi nibaki nyumbani peke yangu, kwa hiyo na mimi, pamoja na miaka yangu kumi na mitatu, nilipewa krayoni na picha ya bata. Nilimpaka rangi vizuri, kisha nikafanya hesabu zangu za aljebra.

Jambo moja tu halikwenda sawa. Jumanne iliyopita ilikuwa pia siku ya wazazi shuleni kwetu. Mwalimu wangu wa hesabu, Bwana Kowalczyk, alimsubiri Mama mpaka wakazima taa za ukumbi. Mama hakuweza kuja. Alikuwa darasani akijifunza umuhimu wa wazazi kufika shuleni.

Paa lako lilisalimika? Tafadhali tujibu.

Mjukuu wako anayekupenda,
Nilsa

*

Quebrada Fría, Adjuntas
2 Novemba 1998

Mjukuu wangu Nilsa,

Mungu akubariki, na akubariki mara ya pili kwa huo mwandiko. Mimi ni mzima. Kuku watatu walichukuliwa na upepo, mmoja akarudi mwenyewe siku ya nne, amenuna, na mpaka leo hatagi. Ceferino naye ni mzima, anakuja kila asubuhi kunywa kahawa yangu na kuniambia haina ladha. Paa lipo. Sasa ni la buluu. Linapendeza sana, wapita njia wanalisifu.

Nimesoma habari za shule ya mama yako mara mbili, ya pili kwa sauti ili Ceferino naye acheke. Kwa hiyo huko mtu anasoma wiki ishirini ili aweze kusema! Mama yako akiwa na miaka mitano alikuwa anamjibu padri katikati ya misa. Mimi nilidhani kazi ni kumnyamazisha. Ningejua kwamba hilo ni somo na lina cheti, ningemwacha aendelee.

Mwambie namsalimu. Najua yeye ana haraka, haandiki.

Nakutumia kofia ya baridi. Nimeifuma kwa mikono yangu, na nimeiacha na matundu mengi yenye umbo la maua ili kichwa kipate hewa.

Neno moja dogo. Juu ya bahasha umeandika Tolcott, lakini muhuri wa posta unasema Ansley. Ceferino ameusoma kwa kioo chake cha kukuzia. Anasema Ansley ni mji mwingine, ng'ambo ya mto. Naona posta ya huko imezeeka kama mimi, haijui tena iko wapi.

Bibi yako,
Awilda

*

Mtaa wa Chestnut, namba 61
Tolcott
Jumapili, 22 Novemba 1998

Bibi mpendwa,

Naomba baraka yako. Asante kwa kofia. Ni kofia nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na hewa inapita kama ulivyokusudia.

Bibi, posta haijakosea. Mama alisema tusikuambie kwa sababu ulikuwa na kimbunga chako. Mwezi wa Agosti mwenye nyumba alitaka ghorofa yetu ya juu kwa ajili ya mwanawe aliyeoa. Mama Mdogo amebaki pale chini na sisi tukatafuta kwingine. Tumepata vyumba viwili Ansley, juu ya duka la mashine za kufulia nguo. Sakafu ina joto wakati wote na inanukia sabuni. Kutoka hapo mpaka shuleni kwangu ni dakika kumi na moja kwa miguu, unavuka daraja tu.

Lakini mpaka wa miji hii miwili uko katikati ya daraja, na sheria inasema mtoto asome kwenye mji anakolala. Shule ya Ansley haifundishi aljebra darasa la nane. Bwana Kowalczyk anasema anayeanza mwaka huu atafika hesabu za juu kabla ya kumaliza sekondari, na anayechelewa hatafika. Mimi nataka kuwa mhandisi. Kwa hiyo kwenye karatasi nalala kwa Mama Mdogo. Mswaki wangu mmoja uko kwake, kama ushahidi. Mtu wa shule akija kuuliza, Mama Mdogo amefundishwa kusema niko bafuni. Wamekuja mara mbili. Anasema, "Watadhani nalea bata."

Wako watoto wengine saba wanaovuka daraja kama mimi. Darajani hatusalimiani. Tunasalimiana tukifika shuleni.

Jumanne moja kila mzazi aliambiwa alete kitu kutoka nyumbani kinachoonyesha anachowatakia watoto. Wengine walileta picha, mmoja Biblia, mmoja mbegu za maboga. Mama alileta viatu vyangu vya shule. Alipoulizwa sababu alisema, "Viatu," akakaa. Bwana Thibodeau akalia. Huyu ni baba wa mapacha na ndiye dereva wa lori la mji linalosukuma theluji. Ni mkubwa kama mlango na analia kila Jumanne. Alilia hata siku ya somo la bajeti.

Mama aliacha shule akiwa darasa la nane kama mimi. Nikimuuliza kwa nini, ananiambia neno hilo hilo, viatu. Bibi, wewe unajua?

Tafadhali usimwambie mtu habari za Ansley.

Nilsa

*

Quebrada Fría
14 Desemba 1998

Nilsa wangu,

Mungu akubariki na akulinde darajani. Siri yako nimeiweka vizuri. Nimemwambia Ceferino peke yake, naye amemwambia dada yake peke yake.

Tunafunga pasteles za Krismasi. Ndizi mbichi nimezikuna mwenyewe, majani ya kufungia hayakuwa rahisi kupatikana kwa sababu kimbunga kilipasua migomba yote. Tukifungua moja, inaonekana kama ilivaa matambara. Utamu ni ule ule.

Hapa wamekuja watu wa serikali na karatasi za kuandikisha nyumba zilizoharibika. Walisimama barabarani, wakaangalia, wakaandika, wakaondoka. Vijana wenye adabu. Sikutaka kuwasumbua.

Umeuliza habari za viatu. Hayo ni mambo marefu, na maji ya kahawa yanachemka. Soma aljebra yako. Mimi sijui ni kitu gani lakini kama Ansley hawana, basi ni kizuri.

Bibi yako

*

Mtaa wa Chestnut, namba 61
Tolcott
Jumapili, 10 Januari 1999

Bibi mpendwa,

Naomba baraka yako, na msamaha pia. Pasteles zilifika na tulikula tukazimaliza kabla ya mwaka mpya. Siku ya Wafalme Watatu niliweka majani kwenye kisanduku kwa ajili ya ngamia wao wanaobeba zawadi, ingawa nimekua, kwa sababu Mama alipenda. Majani yenyewe tuliyafukua chini ya theluji.

Msamaha ninaouomba ni kwa sababu kofia yako imeanguka mtoni.

Daraja lina njia ya waenda kwa miguu pembeni, lakini theluji ikianguka lori la Tolcott linakuja mpaka mstari wa katikati, linarundika theluji yote juu ya njia hiyo, linageuka. Lori la Ansley linafanya vivyo hivyo upande wake. Kila mji unasema njia ni ya mwenzake. Kwa hiyo watoto tunapita barabarani na magari. Tarehe tano lori la mbao lilinipita karibu sana mpaka upepo wake ukanivua kofia. Sikumwambia Mama. Aliona tu kichwa.

"Kofia ya Bibi iko wapi?"

"Iko shuleni."

"Nilsa. Kofia iko wapi?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Alikaa kitandani na koti lake la kiwandani, akauliza, "Mngapi mnapita pale?" Nikamwambia wanane.

Sasa mwisho wa mafunzo kila mzazi lazima afanye jambo moja la kuwafaa watoto wa mji. Mama alikuwa amechagua kupanda maua mbele ya maktaba. Ameyaacha maua. Ameandika kwa meya, kwa mbunge na kwa gavana. Gavana alimtumia picha yake. Tarehe kumi ya Februari atasimama mbele ya Bodi ya Elimu ya Tolcott kusema habari za daraja. Kila mwananchi anapewa dakika tatu. Anafanya mazoezi jikoni na mimi ndiye nashika saa. Mwanzo alichukua dakika kumi na moja. Sasa amefika nne.

Lakini kuna jambo linalonikosesha raha. Kabla ya kusema chochote, lazima utaje jina lako na anwani yako, na vinaandikwa. Mama anafanya mazoezi ya kusema "Mtaa wa Chestnut." Analisema vibaya kuliko maneno mengine yote. Na wakimuuliza amejuaje kwamba watoto wanavuka daraja, atajibu nini? Nilimwomba arudi kwenye maua. Akaniambia, "Maua hayajavuliwa kofia."

Bibi, Mama anakusikiliza. Mwandikie.

Nilsa

Tena: Mama Mdogo anasema paa la buluu ni turubai. Ni kweli?

*

Quebrada Fría
27 Januari 1999

Nilsa,

Mungu akubariki. Kofia nitafuma nyingine, yenye kamba.

Mwambie mama yako asiende. Mwambie nimesema mimi. Akitaka kwenda, akae nyuma, awasikilize wengine, apige makofi, arudi nyumbani. Wako watu wengi wameishi salama kwa kunyamaza. Mimi ni mmoja wao. Hakuna mtu aliyewahi kunifukuza mahali popote kwa jambo nililolisema.

Daraja litakuwepo na theluji itayeyuka. Wewe ubaki shuleni.

Turubai ni aina ya paa.

Bibi yako

*

Mtaa wa Chestnut, namba 61
Tolcott
Jumapili, 14 Februari 1999

Bibi mpendwa,

Naomba baraka yako. Barua yako sikuipata mpaka leo mchana. Ilifika kwa Mama Mdogo tarehe sita na akaiweka juu ya friji ili isipotee. Nimeisoma. Imechelewa siku nne.

Nitakueleza kwa utaratibu.

Jumatano saa moja jioni tulikwenda ukumbi wa Bodi. Mama alivaa ile suti ya kijani ya harusi ya Mama Mdogo. Wazazi wote wa darasa lake walikuja na Bi. Lindqvist. Waliokuja pia ni wazazi wa wale watoto wa darajani. Niliwahesabu, watano. Walikaa mbali mbali kama hawajuani.

Mama aliitwa wa pili. Mwenyekiti anaitwa Bwana Thayer, ana sauti ya upole.

"Jina na anwani, tafadhali, kwa ajili ya kumbukumbu."

"Naitwa Migdalia Rosado," Mama akasema. Alinitazama, mimi nikatazama saa. "Naishi Mtaa wa Canal, namba tisa, juu ya duka la kufulia. Ansley."

Zilikuwa zimepita sekunde tisa.

"Samahani, mama," Bwana Thayer akasema. "Kipaza sauti hiki ni cha wakazi wa Tolcott."

"Najua."

"Basi ungekwenda kwa bodi ya Ansley."

"Daraja ni nusu lenu, nusu lao. Nimeanza na nusu hii."

Mtu mmoja alicheka. Bwana Thayer akasema kanuni ni kanuni, akamwomba akae.

"Nimebakiza dakika mbili na sekunde hamsini na moja," Mama akasema.

"Hujabakiza kitu, mama. Kaa, tafadhali."

Mama hakukaa. Alisimama tu na karatasi yake. Ndipo Bwana Thibodeau akainuka nyuma kabisa. Naye alikuwa ameandikisha jina, aseme habari za basi la mapacha wake. Alikuja na viatu vyake vya theluji vinavyochuruzika maji, akaitoa karatasi mkononi mwa Mama taratibu.

"Armand Thibodeau, Mtaa wa Elm namba nne, Tolcott. Nimezaliwa hapo hapo. Naruhusiwa kusoma karatasi yoyote ninayoipenda?"

Bwana Thayer alimtazama katibu. Katibu alitazama kitabu cha kanuni. "Dakika tatu," akasema.

"Mimi ni mama," Bwana Thibodeau akasoma.

Ukumbi mzima ulicheka, Bibi. Ana ndevu mpaka hapa. Yeye hakucheka. Aliendelea: "Mimi ni mama wa binti mmoja wa miaka kumi na mitatu. Tarehe tano Januari alirudi nyumbani bila kofia. Kofia hiyo ilifumwa na bibi yake, ambaye hajawahi kuona theluji." Hapo akaanza kulia kama kawaida yake, lakini alisoma huku analia, na watu wakaacha kucheka. Alisoma habari za rundo la theluji, na lori la mbao, na watoto wanane. Alipofika pale pasemapo kwamba lori la mji linageukia kwenye mstari, aliishusha karatasi.

"Dereva wa hilo lori ni mimi," akasema. "Niliambiwa niishie kwenye mstari. Sijawahi kuuliza kwa nini."

Kengele ya muda ikalia. Bwana Thayer akamshukuru. Msemaji aliyefuata alizungumzia taa za uwanja wa mpira, akapigiwa makofi mengi. Wale wazazi watano walikuwa wanatazama viatu vyao.

Tukarudi kwa miguu. Nilikuwa na hasira, Bibi, na bado ninayo. Katikati ya daraja nilimuuliza, "Kwa nini hukusema Chestnut? Tulifanya mazoezi mwezi mzima."

"Nilikuwa nalo mdomoni," akasema. "Lakini ningesema Chestnut, wewe ungekuwa unaishi bafuni kwa Iraida. Mtoto wa bafuni havuki daraja. Ningekuwa nawasemea watoto ambao hawapo."

Ijumaa barua ya shule ikaja. Imeandikwa kwa adabu sana. Inasema imegundulika kwamba hatuishi Mtaa wa Chestnut, na kwamba nina siku kumi za masomo za kuondoka. Wameituma Mtaa wa Chestnut.

Kumbukumbu za mkutano zimebandikwa maktaba. Zinasema: "Bwana A. Thibodeau, Mtaa wa Elm, mama wa binti mmoja, alizungumzia daraja."

Nilsa

*

Quebrada Fría
6 Machi 1999

Nilsa wangu,

Mungu akubariki. Angalia bahasha. Nimeandika Mtaa wa Canal, Ansley, kwa herufi kubwa. Ceferino alinisaidia na dada yake alishuhudia.

Sasa maji ya kahawa hayachemki, nitakueleza habari za viatu. Mwalimu mkuu wa shule ya kule mjini alitaka viatu vyeusi. Mama yako alikuwa na vyeupe vya kanisani, vya binamu yake. Akarudishwa nyumbani. Asubuhi yake nilimshika mkono, tukatembea saa nzima na nusu kwenda kumwona huyo mwalimu mkuu. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno yote. Nilikuwa nayo mengi na mazuri. Tulifika getini. Akatoka, ana tai, akauliza, "Mama unahitaji nini?" Nikamjibu, "Hakuna kitu, bwana. Tulikuwa tunapita tu."

Tulikuwa tunapita tu! Nyumba yetu iko mwisho wa barabara, mtu hapiti hapa kwenda popote. Mama yako aliutoa mkono wake kwenye mkono wangu na hakurudi tena shule. Sasa ni miaka ishirini na mitatu tangu siku ile, na haniandikii ila kupitia kwa mtu mwingine, na mimi nasema ni haraka.

Nilikuandikia kwamba sijawahi kufukuzwa kwa jambo nililolisema. Nilikuwa najisifu. Ile barua, kama bado unayo, washia jiko.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya meya. Nilivaa nguo za mazishi, ndizo nzuri. Meya hayupo, yuko karani, msichana mdogo anayepaka rangi kucha. Nikaweka saa yangu ya jikoni mezani, nikaizungusha ihesabu dakika tatu. "Hii ni ya nini, bibi?" akaniuliza. Nikamwambia, "Naitwa Awilda Maldonado, naishi Quebrada Fría, nyumba ya mwisho, na paa langu ni turubai." Nilitetemeka mpaka saa ikatetemeka na mimi. Nilimaliza yote kwa dakika moja. Zile mbili zilizobaki tulikaa tu tunatazamana, mpaka ikalia. Akaandika jina langu. Sijui kama watakuja. Lakini aliandika, nilimwona.

Usimchukie mama yako. Hasira kidogo si vibaya, mimi mwenyewe ninayo kwake, na kwa jambo hilo hilo.

Bibi yako

*

Mtaa wa Canal, namba 9
Ansley, Connecticut
Jumapili, 11 Aprili 1999

Bibi mpendwa,

Naomba baraka yako. Natumaini umeuona mstari wa juu wa barua hii. Nimeuandika mara mbili kwenye karatasi ya majaribio kabla ya kuuandika hapa.

Nasoma Ansley sasa. Walimu ni wema. Katika hesabu tunafanya tena sehemu, ambazo nilizimaliza nikiwa darasa la sita. Siku yangu ya mwisho Tolcott, Bwana Kowalczyk alinipa kitabu cha aljebra, kisha akajaza fomu kwamba kimepotea. Nafanya ukurasa mmoja kila jioni. Kuna kurasa ambazo sizielewi na hapana wa kumuuliza.

Daraja ni safi. Tangu Februari Bwana Thibodeau alikuwa analipeleka lori lake mpaka mwisho wa daraja na kugeukia hapa mbele ya duka la kufulia. Hakuna aliyemwagiza. Akiulizwa anasema breki zake zina matatizo. Miji yote miwili imeunda kamati ya kutafuta daraja ni la nani, na kamati itakutana theluji ikishayeyuka, yaani sasa. Wale watoto saba wanavuka vizuri, kwa miguu mikavu, wakienda kwenye shule yangu ya zamani. Asubuhi tunapishana. Sasa tunasalimiana.

Cheti cha Mama kimekuja kwa posta. Kimeandikwa kwamba ni kiongozi wa wazazi wa Tolcott, na kimetumwa kwa Mama Mdogo Iraida.

Jumatano ijayo Bodi ya Elimu ya Ansley ina mkutano. Mama atawaambia kwamba darasa la nane linataka aljebra. Nimemuuliza, "Wakikataa?" Akasema, "Tutakuwa tumewapotezea dakika tatu." Mimi ndiye nitashika saa. Hasira yangu imepungua ikabaki kiasi cha kijiko. Nimemwambia hivyo, na akasema kijiko anakubali.

Barua yako ya viatu nilimpa aisome mwenyewe. Aliisoma amesimama. Akaenda chini kwenye mashine za kufulia, akakaa huko kwa muda, akarudi na nguo ambazo hazikuwa zetu. Leo tangu saa nane mchana yuko mezani anakuandikia na kuchana. Kwa gavana alitumia dakika ishirini. Mwishoni nikaiweka saa mbele yake, nikaizungusha, nikamwambia, "Jina na anwani, mama, halafu una dakika tatu." Akanitazama kwa jicho baya. Lakini ameandika. Namwachia nafasi hii, ni yake.

Nilsa

*Migdalia. Mtaa wa Canal namba 9, Ansley.*

*Mama, naomba baraka yako.*

*Na vile viatu vilikuwa vinanibana.*